Mkuu, usizibe hiyo milizamu. Mimi ilinigharimu dari mbili na shemeji mmoja

Mkuu, mwambie fundi ashuke. Hata kama ameshapanda na ndoo ya saruji, ashuke anywe chai, wewe usome hapa.

Umeandika kwamba nyumba ya marehemu babu yenu hapo Kariakoo ina gata iliyofichwa nyuma ya ule ukuta mfupi wa juu, imeanza kuvuja, na fundi amependekeza mambo mawili. Kwanza azibe vile vitundu viwili vinavyotokeza ukutani, yaani milizamu, kwa sababu "vinachafua rangi". Pili amwage saruji na lami humo ndani ya gata. Hilo la pili nitalifikia. Hilo la kwanza ndilo lililonitoa kitandani saa sita hii ya usiku.

Nyumba yetu iko Tanga mjini. Aliijenga Mhindi miaka ya 50, baba akaja kuinunua baadaye. Ukisimama barabarani huoni bati wala gata, unaona ukuta tu umesimama juu. Bati liko nyuma yake, linateremsha maji kwenye mfereji wa bati uliolazwa juu ya mbao, ndani kabisa ya nyumba. Gata za kawaida zikijaa maji yanamwagika uani, kuku wanakimbia, yamekwisha. Hii ikijaa, upande mmoja kuna ukuta, upande wa pili kuna dari yako.

Waliojenga walilijua hilo. Mbali na bomba la kushushia maji, walitoboa ukuta wa mbele wakatokeza vibomba viwili vya urefu wa kiganja. Mama mkubwa anaviita milizamu. Siku zote vimekaa vikavu. Bomba kubwa likiziba na maji yakapanda, milizamu inatema barabarani, na mtaa mzima unajua kwa fulani kumeziba. Basi hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa mimi, msomi wa uhasibu, nikaona michirizi ya kijani na nyeusi ukutani chini ya milizamu, nikaamua kwamba hapo ndipo nyumba inapovuja. Kumbe ile michirizi ilikuwa inaniambia bomba kubwa limeanza kuziba! Shemeji akaniletea fundi wake. Jamaa akapanda, hakukaa juu hata dakika kumi, akashuka akijifuta mikono: "Bosi, vile ni vitu vya kizamani, havina kazi." Havina kazi! Mtu hajamwaga hata kopo la maji kujaribu, ameshatoa hukumu juu ya kitu kilichokaa ukutani miaka zaidi ya 60. Na mimi nikaitikia kwa kichwa kama najua.

Akaziba kwa saruji, akapiga plasta laini, akapaka rangi ya krimu. Palipendeza, sikatai, hata picha nilipiga. Mama mkubwa alitoka na kikombe chake akatazama juu, akauliza, "Milizamu mmeiziba, maji yatatokea wapi?" Fundi akacheka, "Bomba lipo, mama." Nami nikacheka naye. Nikamlipa 380,000 na wali wa nazi juu.

Hiyo ilikuwa Februari 2018. Masika ikaingia.

Kunguru wa pwani mnawajua tabia zao. Kwenye mdomo wa bomba letu tulikuja kukuta vipande vya waya, mfuko wa nailoni, mfupa wa kuku na kandambili ya mtoto, mguu wa kushoto. Vyote vimesukana pamoja kama mkeka. Maji yalikuwa hayapiti kabisa.

Hesabu hii niliipiga baada ya maafa, maana ndiyo kazi yetu wahasibu. Gata ina urefu wa mita 12, upana sentimita 40, kina sentimita 20. Ikijaa inabeba lita 960, karibu tani nzima ya maji juu ya mbao za miaka ya 50. Upande wa paa unaomwaga humo ni kama mita za mraba 90. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 40 kwa saa inakuletea lita 3,600. Gata inajaa kwa dakika 16. Dakika 16, mkuu! Hata chai ya maziwa haijachemka vizuri kwa jiko la mkaa.

Usiku huo nilisikia sauti kama ya mtu anayeburuta gunia darini. Nikaenda na tochi chumba cha mama mkubwa. Hadibodi ya dari ilikuwa imevimba katikati kama tumbo, na pembeni misumari inatoka taratibu, mmoja baada ya mwingine, naitazama tu. Kisha yote ikashuka juu ya kitanda: maji, mchanga, vinyesi vya popo na kipande cha mbao ambacho kingemuua mtu. Mama mkubwa, Alhamdulillah, alikuwa ameamka kuswali chumba cha pili. Alikuja mlangoni, akatazama, akasema neno moja tu, "Milizamu," akarudi kukunja mswala wake.

Dari la chumba cha pili lilifuata wiki ile ile. Mbao za kubebea gata, dari mbili, nyaya za umeme, godoro: 6,740,000. Fundi simu ikawa haipatikani. Shemeji mpaka leo anasema "mwaka ule mvua ilikuwa kubwa tu", na mimi mpaka leo siendi kwake Idi. Chekeni, nimeshazoea.

Kwa hiyo sikia. Gata iliyo ndani ya nyumba lazima iwe na njia ya pili ya maji, inayotokea nje, na sakafu ya tundu hilo iwe chini ya ukingo wa gata upande wa dari. Sisi tumeacha sentimita 6. Na tundu liwe pana, lisipungue bomba lenyewe. Kama mlizamu upo, uzibue. Kama haupo, toboa kabla hujagusa kitu kingine chochote. Kisha jaribu siku ya jua: kagua kwanza mbao za chini kama ni nzima, ziba mdomo wa bomba kwa tambara, fungulia mpira wa maji, mtu mmoja asimame barabarani. Maji yaonekane barabarani kabla hayajafika ukingo wa ndani. Na tambara ulitoe. Usiniulize kwa nini nakukumbusha.

Ile saruji na lami: hapana. Saruji haishiki bati. Mchana bati linatanuka, saruji inapasuka, maji yanaingia katikati na kukaa humo yanakula bati kimyakimya. Hata gata yetu ilikuwa na saruji hiyo, tuliibandua vipande vipande kama chapati iliyoungua, na chini yake bati lilikuwa kama chujio. Halafu unapoongeza tabaka unapunguza kina, gata inajaa upesi zaidi. Toa bati bovu, angalia mbao, laza bati jipya lenye mteremko wa angalau sentimita 1 kila mita 2 kuelekea bombani, na maungio yalehemiwe, si kupakwa silikoni peke yake.

Uliuliza pia rangi ya kuficha michirizi, na ... kuna kitu kuhusu wapangaji wa chini, sikumbuki. Rangi iache kwanza. Tupia hapa picha ya vile vitundu kwa upande wa ndani ya gata, na uweke futi kamba ionekane ukingo uko wapi.

Fundi ameshashuka?