4x4 ya zamani kwa fedha kidogo: anza kuangalia chini ya gari

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye fedha kidogo anaweza kupata 4x4 iliyotumika, yaani gari linaloweza kuendeshwa na magurudumu yote manne, ambayo haitamfilisi, na kama hizi za zamani zina raha kweli au ni maneno ya wapenzi tu. Nimeishi nazo miaka mingi, nimezinunua, nimezifungua na kuzifunga. Zinapatikana, na raha ipo. Ila kuna sharti moja ambalo sitachoka kulirudia: kwenye 4x4 ya zamani unanunua chesisi kwanza, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Injini inashushwa na kufungwa nyingine, giaboksi inafunguliwa, bodi inachomelewa na kupigwa rangi. Chesisi ikishaliwa na kutu, ulichonunua ni vipuri vilivyoshikana.

Wengi wakienda kuangalia gari wanaanzia mbele. Wanafungua boneti, wanasikiliza injini, wanakaa kwenye kiti, wanajaribu redio. Mimi naanzia chini. Nenda na nguo za kuchafuka, tochi, nyundo ndogo na bisibisi ndefu, na mwombe muuzaji ruhusa kabla ya kugusa chochote. Akikataa gari lake lisiguswe chini, umeshajibiwa. Ukiruhusiwa, anza nyuma, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli. Tope hujikusanya hapo, unyevu haukauki, na kutu hulila lile boksi la chuma kutokea ndani, hivyo ukiiona kwa nje ujue imeshafanya kazi yake. Gonga taratibu huku ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mzito uliokufa, na wakati mwingine utasikia magamba ya kutu yakimwagika ndani. Kisha nenda kwenye vishikio vya springi, mahali bodi inapokalia chesisi, na kila sehemu ambayo chuma cha kukatiza kimechomelewa.

Kuwa makini zaidi na rangi nyeusi mbichi. Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kuangalia Nissan Patrol Y60, bodi imenyooka, viti havina hata mchaniko. Chini ilikuwa imepakwa lami nyeusi inayong'aa, chesisi nzima. Nikasukuma bisibisi juu kidogo ya ekseli ya nyuma, upande wa tangi, ikazama mpaka kwenye mpini bila kutumia nguvu. Nilipoichomoa ilitoka na unga mwekundu na nyuzi za kitambaa; tundu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa kilicholowekwa gundi, lami ikapakwa juu yake. Injini ya gari lile ilikuwa TD42, dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 4.2, ambayo taimingi yake, yaani mpangilio wa kufungua na kufunga valvu, inazungushwa na gia tupu, hakuna mkanda wa kukatika. Ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Tuliliacha pale pale, na ningeliacha hata leo.

Ukiridhika na chini, ndipo uje kwenye injini, na uikute imelala. Muuzaji aambiwe mapema asiiwashe, na ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Injini ya moto inaficha mengi: dizeli iliyochoka inawaka upesi ikiwa imeshapashwa, lakini asubuhi inasumbua, inatetemeka na kutoa moshi mweupe. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweusi ukikanyaga mafuta mara nyingi ni nozeli, pampu au filta ya hewa, na hilo halinitishi sana. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta, uangalie kama maji yana utando wa oili au rangi ya kutu, kisha iwashwe uone kama mapovu yanapanda mfululizo. Mapovu yasiyoisha yananiambia moshi wa silinda unapenya kwenye njia ya maji, yaani gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Kwa Toyota zenye 1KZ-TE, ile dizeli ya turbo ya lita 3.0 utakayoikuta kwenye Surf na Prado, kipimo hiki usikiruke, maana ikichemshwa hedi yake hupasuka. Ikipashwa vizuri, fungua kifuniko cha kuwekea oili ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi unaosukuma kwa mapigo maana yake ringi zimekwisha.

Sasa mfumo wenyewe wa 4x4, ambao nashangaa jinsi watu wanavyolipa bila hata kuusogeza ule mkono mdogo wa gia. Gari likikaa miaka bila 4x4 kutumika, mkono hugoma, vakyumu hutoboka mipira yake, habu, vile vifungio vya magurudumu ya mbele, hugandamana. Tafuta barabara ya vumbi au kokoto. Kwenye Land Cruiser 70, Hilux, Patrol Y60 na Suzuki ndogo, ukiingiza 4H, yaani 4x4 ya mwendo wa kawaida, propela shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawa, hakuna difu ya kati, ile gia inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo kwenye lami kavu mfumo unajikaza, usukani unakuwa mzito na kitu kikivunjika ni gharama. Kwenye vumbi tairi zinateleza kidogo na mfumo unapumua. Ingiza 4H, nenda wima, kisha simama, ingiza 4L, ile 4x4 ya gia nzito ya polepole, ukate usukani mpaka mwisho na kuzunguka polepole, kushoto na kulia. Mlio wa tak-tak-tak kutoka kwenye gurudumu la mbele ni siivi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu huku likikata kona, inayoaga. Kishindo kimoja unapoachia na kukanyaga mafuta ni krosi za propela shafti au difu yenye nafasi.

Magari ambayo 4x4 yake iko kazini muda wote, kama Toyota RAV4 za mwanzo za 1994 au Land Rover Defender, yana difu ya kati na hayajikazi kwenye lami. Hapo jaribio ni kinyume: zunguka polepole kwenye lami, usukani umekatwa hadi mwisho. Likijivuta na kurukaruka kama limefungwa kamba, kuna kitu kimejifunga kati. Na tazama tairi. Kwenye mifumo hii tairi nne za ukubwa tofauti, au mbili mpya mbili vipara, zinaichosha difu ya kati safari nzima.

Kuhusu gari gani. Usianze na jina. Land Cruiser inastahili sifa zake. 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo iliyoanza mwaka 1990, ni injini ninayoiamini kuliko nyingi, mradi mkanda wake wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kuna taa ya mkanda huo kwenye dashibodi, na kuizima hakuhitaji mkanda mpya, kwa hiyo dai risiti au hesabu kwamba haujabadilishwa. Tatizo la Land Cruiser ni kwamba kila mtu anaijua, na iliyochoka inauzwa kwa bei ya nzima ya jina jingine.

Kwa bajeti ndogo mimi ningekupeleka kwenye Suzuki Escudo, ambayo nje ya Japani inaitwa Vitara, hasa kizazi cha kwanza kilichoanza 1988. Ina chesisi yake kamili chini ya bodi, ina 4L, ni nyepesi, na injini zake ndogo za petroli haziogopeshi fundi yeyote. Kama unaweza kuishi na nafasi finyu na kelele, Suzuki Jimny ndiyo kipenzi changu. Ya kwanza kabisa, LJ10 ya mwaka 1970, ilikuwa na injini ya silinda 2 yenye cc 359, na bado ilipanda milima. Zilizofuata zimekua kidogo tu, lakini ekseli ngumu mbele na nyuma, chesisi na wepesi vimebaki. Wepesi ndio siri. Gari zito likinasa linahitaji winchi au trekta. Jimny watu wanne wanaisukuma.

Ukitaka kubeba familia, Mitsubishi Pajero ya kizazi cha pili, iliyotoka 1991, haithaminiwi inavyostahili. Nyingi zina mfumo wa Super Select, ambao una difu ya kati, hivyo 4H yake unaweza kuitumia kwenye lami yenye mvua bila hofu, kisha ukifika kwenye tope ukaifunga difu hiyo. Ukipata yenye injini ya dizeli ya 4M40 ya lita 2.8 utakuwa na cheni badala ya mkanda. Ya 4D56 ya lita 2.5 si mbaya, ila mkanda wake usiuchezee.

Land Rover inahitaji maneno yake. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, wakatumia aluminiamu kwenye bodi, na utaratibu huo uliendelea mpaka Defender ya mwisho ya mtindo ule mwaka 2016. Ndiyo maana utakuta bodi haina hata tone la kutu, mnunuzi anafurahi, kumbe chesisi na ule ukuta wa chuma kati ya injini na abiria vimeoza. Ukiona unga mweupe na rangi imevimba kwenye kingo za milango, aluminiamu na chuma vimegusana kwenye unyevu na aluminiamu inaliwa. Nyundo yako ifanye kazi maradufu hapo, hasa kwenye boriti ya nyuma kabisa. Ikipita, na ikiwa na injini ya dizeli ya 300Tdi, utakuwa na gari ambalo karibu kila kitu kinafunguka kwa spana za kawaida.

Ambalo nakuomba ulikwepe kwa mara ya kwanza ni lililoinuliwa na kuvishwa matairi makubwa na mtu usiyemjua. Ukinyanyua gari, pembe za propela shafti zinabadilika, usukani unapoteza utulivu, breki zinazidiwa. Waliofanya vizuri wapo, lakini anayeuza kwa bei ya chini mara chache ni mmoja wao.

Usilipe fedha zote ulizonazo. Mimi hutenga kati ya robo na theluthi ya bajeti kwa ajili ya wiki za mwanzo, na hutoka zote. Oili zote zinamwagwa: injini, giaboksi, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), difu ya mbele, difu ya nyuma. Simama hapo ziangalie zinavyotoka. Oili ya difu ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi njia ni ile ile: difu ikiwa ya moto ikazamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, kwa sababu kale kapumulio kadogo juu ya ekseli kameziba kwa tope. Kasafishe, uvalishe mpira mrefu unaopanda mpaka juu ya injini, na tatizo limekwisha kwa gharama ya mpira. Halafu mipira ya breki, mipira ya maji, mikanda. Raha ije baadaye.

Na inakuja, mkuu. Ipo kwenye taratibu. Gari jipya la kifahari linakuficha kila kitu, hili linakueleza. Peleka Jimny juu ya mteremko wa mawe, ingiza 4L, gia ya kwanza, achia klachi na utoe miguu yote kwenye pedali. Linaanza kushuka lenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini ikilishikilia. Gurudumu la mbele kushoto linapanda jiwe, unasikia ekseli ikijipinda chini yako, la nyuma kulia linabaki hewani kidogo, linatua, na usukani unakunong'oneza kila jiwe mikononi. Kwenye Defender 4L inapunguza mwendo zaidi ya mara mbili kuliko 4H, na ukishuka hivyo utaelewa kwa nini waliopita njia mbaya miaka yote hiyo hawakuhitaji kompyuta.

Mchangani nako punguza upepo. Kama kwenye lami unajaza psi 30 hadi 35, shusha mpaka kama 18, tairi ilale na kukanyaga eneo refu zaidi, usifunge breki ghafla wala kukata kona kwa kasi, na ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Nimeona magari yenye nguvu kubwa yakijichimbia hadi ekseli huku Escudo yenye tairi laini ikipita pembeni bila kelele.

Kabla hujalipa, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe na ile iliyo kwenye nyaraka, herufi kwa herufi, ukisafisha kwa kitambaa si kwa msasa. Na kama una gari ulilokwisha kulionea macho, weka hapa picha za chini: juu ya ekseli ya nyuma pande zote mbili, vishikio vya springi, na zile habu za mbele. Taja na injini. Nitaziangalia na kukueleza ninachokiona.