Barua kwa mwanangu muuguzi: leseni, ajira na viza ni milango mitatu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na nimeona ndani yake umeuliza mambo mawili ambayo kila moja linastahili jibu lake. La kwanza ni kama ufuate mpango wa yule wakala wa Dar es Salaam, anayesema kwamba ukimlipa atakupeleka Uingereza kama mhudumu wa wazee, kisha ukishafika "utabadilishwa" kuwa muuguzi. La pili, ambalo naona ndilo linalokuuma zaidi, ni kwa nini mtu mwenye stashahada, mwenye leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, aliyekwisha kuzalisha akina mama usiku akiwa peke yake zamu, atakiwe kufanya mitihani upya kana kwamba hajawahi kugusa mgonjwa.

Nianze na wakala, kwa kuwa jambo lake lina haraka. Usimpe hata shilingi moja. Uingereza ilifungua njia ya viza kwa wahudumu wa wazee mwezi Februari 2022, na tarehe 22 Julai 2025 ikaifunga kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo. Katika miaka hiyo ya katikati watu wengi kutoka Afrika na Asia waliuziwa hati za udhamini wa mwajiri za kuombea viza kwa fedha za kuuza shamba, wakafika huko wakakuta mwajiri hana kazi ya kuwapa, au saa za kazi hazitoshi hata kodi ya chumba. Na miongoni mwao walikuwamo wauguzi kamili waliokubali kuingia kwa mlango huo wakidhani watapanda baadaye. Kwa hiyo anayekuahidi nafasi hiyo leo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Na hata kingekuwapo, hakuna mahali popote katika sheria zao ambapo mhudumu "hubadilishwa" kuwa muuguzi. Angetakiwa kuomba usajili kwa kufuata hatua zile zile ambazo angezifuata akiwa nyumbani kwake Dodoma.

Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri, kwa sababu wanafunzi wengi niliowafundisha wameumizwa na jambo hili moja. Leseni, ajira na viza ni vitu vitatu, na vinatolewa na mamlaka tatu zisizoingiliana. Leseni hutolewa na baraza la wauguzi na wakunga la kule, wanaloliita NMC. Ajira hutolewa na hospitali. Viza hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Hospitali inaweza kukupenda katika usaili na hata kukurudishia gharama zako, lakini haiwezi kulilazimisha baraza likusajili. Baraza likikusajili, halikupi kazi. Na viza haiji mpaka mwajiri mwenye kibali cha kudhamini wageni akupe hati ya udhamini. Orodha ya waajiri wenye kibali hicho imewekwa wazi na serikali yao, na yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuisoma. Mtu anayekuuzia vyote vitatu kwa bei moja anauza mamlaka ambayo hana. Isitoshe, sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inayosimamia mawakala wa ajira inamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Anayelipa ni mwajiri.

Liko na jambo linaloihusu nchi yetu hasa. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na limetoa orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi ambazo hazipaswi kufuatwa na waajiri wa nje. Tanzania imo, pamoja na Uganda, Burundi na Kongo. Uingereza inaiita orodha nyekundu, na waajiri wao pamoja na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kukusanya wauguzi huku. Kenya iko katika daraja la kati, kwa kuwa serikali yake ilitia saini makubaliano na Uingereza mwezi Julai 2021, ndiyo maana wenzako wa Nairobi na Mombasa waliweza kuondoka kwa mpango wa serikali kwa serikali. Sasa pima maneno ya wakala wako. Akisema ametumwa na hospitali za Uingereza kuchukua wauguzi wa Tanzania, amekiri mwenyewe kwamba anavunja kanuni za hao anaodai wamemtuma.

Lakini orodha hiyo haikukatazi wewe. Muuguzi wa nchi iliyomo anaweza, kwa hiari yake, kuona tangazo la kazi na kuomba moja kwa moja kwa mwajiri bila mtu wa katikati. Najua wapo watakaokuambia kwamba kuondoka ni kuwasaliti wagonjwa wetu. Nimefundisha uuguzi maisha yangu yote ya kazi, na wodi zetu nazijua. Upungufu ule haukuletwa na binti mmoja aliyetafuta riziki, na wapo wahitimu wetu wengi wanaokaa mitaani na vyeti vyao huku wodi zikilia. Mimi sitakulaumu ukienda. Ninachokuomba ni kwamba uende kama muuguzi.

Nije kwenye mitihani. Nimeelewa uchungu wako, lakini sikubaliani nawe kwamba ni dharau. Baraza lao linawajibika kwa wagonjwa wao, kama ambavyo baraza letu halimruhusu muuguzi wa kigeni kushika sindano hapa kwetu kabla halijampa usajili wake. Mtihani hauulizi kama mikono yako inajua kazi. Unauliza kama utaweza kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu wao, kwa maneno yao, na kwa karatasi zao, kuanzia siku ya kwanza.

Tazama mtihani wa vitendo, wanaouita OSCE, ambao hufanyika huko huko Uingereza na una vituo kumi, yaani kazi kumi unazopimwa moja baada ya nyingine. Unaingia chumbani, mgonjwa wako ni mwigizaji aliyelala kitandani, na mtahini amekaa pembeni na karatasi yake. Unatakiwa unawe mikono, ujitambulishe kwa jina na cheo, umwombe mgonjwa ataje jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, ulinganishe na utepe ulio mkononi mwake, umwulize kama ana mzio wa dawa yoyote, umwombe ridhaa, na yote hayo uyaseme kwa sauti kabla hujagusa chochote. Kisha unapima upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, joto na hali ya fahamu, unajaza chati wanayoiita NEWS2 na kujumlisha alama, na zikifika 5 ujue unapaswa kumwita daktari kwa haraka, na 7 ni dharura kabisa. Wewe hayo yote unayajua. Ila sisi tumezoea wodi yenye vitanda vilivyojaa, ambako muuguzi humtambua mgonjwa kwa sura, humjua na dada yake anayemletea uji, na hupita na toroli la dawa akiita majina. Huko, dawa sahihi iliyotolewa bila kuangalia utepe ni kosa la kukufelisha kituo kizima. Mwanafunzi wangu mmoja, mkunga hodari sana, aliangushwa na jambo hilo peke yake, akarudia na kufaulu. Ukifeli unaruhusiwa kurudia, jumla mara tatu katika ombi moja. Baada ya hapo unasubiri miezi sita ndipo uombe upya.

Kabla ya hapo kuna mtihani wa kompyuta, wenye sehemu ya hesabu za dozi na sehemu ya maarifa ya uuguzi yenye maswali 100. Huo sina wasiwasi nao kwako. Wasiwasi wangu uko kwenye Kiingereza. Tulikufundisha uuguzi kwa Kiingereza, ukajibu mitihani kwa Kiingereza, lakini tangu uhitimu unaongea na wagonjwa kwa Kiswahili asubuhi hadi jioni, kama inavyopasa. Ukichagua mtihani wa IELTS, wanataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Ukichagua OET, wanataka B katika hayo matatu na C+ katika kuandika. Ningekuwa wewe ningechagua OET hata kama ada yake ni kubwa zaidi, kwa sababu kuandika kwake ni barua ya rufaa ya mgonjwa, na kuzungumza kwake ni mazungumzo na mgonjwa au ndugu yake, mambo ambayo hayatakuwa mageni kwako. Katika mitihani anza na huu, wala usilipie ada nyingine mpaka matokeo yatoke.

Ada za kufikia usajili wa huko ni hizi: kutathminiwa pauni 140, mtihani wa kompyuta pauni 83, mtihani wa vitendo pauni 794, na kusajiliwa pauni 153. Ukubwa wa fedha hizo kwa mshahara wako naujua. Hospitali nyingi hulipia mtihani wa vitendo na tiketi, lakini hapo soma mkataba kwa makini, hasa kifungu kinachosema utarudisha kiasi gani ukiacha kazi mapema. Kifungu cha haki hupunguza deni kadiri miezi inavyopita. Ukiona deni linabaki lile lile hadi siku ya mwisho, uliza kabla ya kutia saini. Vilevile ujue kwamba mwajiri akikupeleka kabla hujasajiliwa, utatakiwa kufanya mtihani wa vitendo kwa mara ya kwanza ndani ya wiki 12 tangu uanze kazi, na uwe umesajiliwa ndani ya miezi minane.

Asikushawishi mtu kwamba kuna njia ya kufaulu bila kukaa mwenyewe kwenye kiti. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kituo kimoja cha mtihani wa kompyuta huko Ibadan, Nigeria, kilikuwa na matokeo yasiyo ya kawaida, na baraza likahitimisha kwamba wapo waliofanyiwa mtihani na watu wengine. Kituo kilifungwa. Walioumia hawakuwa wadanganyifu peke yao, kwani hata watahiniwa ambao hawakutuhumiwa kwa lolote walitakiwa kurudia mtihani kwa sababu tu walikuwa wamefanyia hapo, na baadhi yao walikuwa tayari wako wodini Uingereza na familia zao. Nilipolisoma jambo hilo nilihuzunika sana, kwa sababu jina la muuguzi ndilo mali yake.

Nawe usidhani kwamba nafasi zimejaa tele. Uingereza iliajiri wauguzi wengi wa kigeni baada ya janga la UVIKO-19, hata sasa karibu robo ya waliosajiliwa na baraza lao walisomea nje, lakini mwaka 2025 idadi ya wageni waliojiunga ilishuka sana na hospitali nyingi zilipunguza kuajiri kutoka nje. Unaweza kumaliza mitihani ya Kiingereza na kompyuta ukakaa unasubiri mwajiri. Kwa hiyo usiache kazi yako ya Dodoma kwa matumaini, na leseni yako ya hapa uihuishe kila inapofikia muda wake, maana isipokuwa hai, ombi lako huenda likakwama.

Kuhusu Marekani, uliyoitaja kwa mstari mmoja, mpangilio ni ule ule wa milango mitatu: leseni ya jimbo kwa mtihani wa NCLEX, mwajiri wa kukudhamini, na viza ya uhamiaji ambayo foleni yake huweza kuchukua miaka. Nchi za Ghuba zina uhakiki wa vyeti na mtihani wao, na mara nyingi huenda haraka zaidi, ila mkataba wa huko usiutie saini kabla hatujausoma pamoja.

Hatua ya kwanza kabisa haihitaji fedha nyingi wala wakala. Ni majina. Cheti chako cha kidato cha nne kina majina mawili, leseni yako ina matatu, na sijui pasipoti yako iliandikwaje baada ya ndoa. Baraza letu litatakiwa kutuma uthibitisho wako moja kwa moja kwa NMC, bila kupitia mikononi mwako, na jina likitofautiana na la pasipoti, faili litasimama hapo hapo. Weka vyeti vyote mezani pamoja na kitambulisho cha NIDA, uandike kila jina kama lilivyo, herufi kwa herufi, kisha umpelekee wakili akuambie kama hati ya kiapo inatosha au unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Cheti chako cha kuzaliwa ninacho mimi; kina jina la babu yako lililoandikwa kwa herufi R badala ya L, na usipoliona sasa litakusumbua baadaye. Nitakituma kwa basi la Jumatatu, kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, ukakipokee stendi mwenyewe. Nijulishe kikifika, na uniandikie jina lililoko kwenye pasipoti.

Wasalimie mume wako na mjukuu wangu.

Mama yako,
Tanga