Kamba ya Yashoda na simu ya mama: majibu kwa wazazi wa Kihindu

Kila Diwali ikipita barua hujaa, na nyingi ni zile zile za katuni. Nimeanza na ya katuni, na nimeijibu kwa urefu ili nisiulizwe tena.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka mitano. Akirudi shule namwekea katuni za mungu wetu Krishna kwenye simu, saa nzima au zaidi, mimi niko jikoni. Anawajua wote: Balarama, Kansa, hata nyoka Kaliya. Hiyo inatosha kumlea kidini? (Mama wa watoto wawili, Upanga, Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Haitoshi.

Sina ugomvi na picha. Wazee wetu nao walikuwa na picha zao. Mwaka 1894 mchoraji Raja Ravi Varma alifungua kiwanda cha kuchapa picha Bombay, na Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, aliyesimama juu ya yungiyungi akaingia katika nyumba ambazo hazikuweza kumlipa mchoraji. Duka lolote la Kihindu ukiingia leo, picha iliyo juu ya kaunta ni mjukuu wa zile. Halafu ikaja televisheni. Januari 1987 Doordarshan, televisheni ya taifa ya India, ilianza kuonyesha Ramayana, hadithi ya Rama na mkewe Sita, kila Jumapili asubuhi. Watu walikuwa wanaoga kwanza ndipo wanakaa kutazama. Wapo walioivisha televisheni shada la maua na kuifukizia udi. Machi 2020, watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, ikarudishwa hewani na familia zikakaa tena sebuleni.

Lakini angalia walivyotazama. Bibi yuko kando, anasema, "Huyu ndiye Kaikeyi, mama wa kambo wa Rama, mtazame vizuri." Mtoto anauliza, anajibiwa. Anaogopa, anashikwa mkono. Mwanao yuko peke yake na simu, na wewe unakaanga vitunguu. Amejifunza majina. Majina ya wachezaji wa Simba na Yanga nayo anayajua.

Nikupe mfano wa darasani kwangu. Jumapili moja nilileta kinu cha nyumbani na kamba ya katani, ile ya kufungia magunia. Nikawasimulia watoto siku Yashoda, mama wa Krishna, alipochoshwa na mwanawe mwizi wa siagi akaamua kumfunga kwenye kinu. Akazungusha kamba, ikapungua vidole viwili. Akaunga nyingine, bado vidole viwili. Akaleta kamba zote za nyumbani, vidole viwili vile vile. Nikampa kamba mvulana wa miaka sita amfunge mwenzake kiunoni, na kamba nilikuwa nimeikata fupi makusudi. Akavuta. Akabana tumbo la mwenzake, akavuta tena mpaka jasho likamtoka puani. Mwisho akaiachia, akaniuliza: "Sasa alifungwaje?" Nikamwambia, Krishna alimtazama mama yake, akaona jasho lake na maua yanavyomdondoka nywelani, akamwonea huruma. Akakubali kufungwa. Yule mvulana alinyamaza muda mrefu akiishika ile kamba.

Bhakti, yaani kumpenda Mungu kwa moyo wote, ndiyo hiyo, na hakuna katuni itakayompa mwanao jasho lile. Nakuomba dakika kumi tu kabla ya kulala, simu ikiwa chumba kingine. Hadithi moja, mdomo wako mwenyewe. Ukikosea jina la mtu hakuna aliyekufa.

Kijana wangu ana miaka saba. Nimeanza kumkaririsha kitabu chetu kitakatifu, Gita, chote. Atamaliza kwa muda gani? (Baba, Arusha)

Gita ina shloka, yaani beti, 700, kaka. Mpe moja aielewe, kisha mpe ya pili.

Mama mkwe husimulia kwa Kigujarati. Watoto hawaelewi, wanachoka, wanakimbilia tableti. Nikiwasimulia kwa Kiswahili ananiambia nawaharibia dini. Nani ana haki? (Mombasa)

Hapa nitamkosea adabu mama mkwe wako, anisamehe. Haki ni yako.

Valmiki, mshairi wa kale, aliisimulia habari ya Rama kwa Kisanskriti. Mshairi Tulsidas alipoanza kuiandika upya mwaka 1574 huko Ayodhya, hakutumia Kisanskriti. Alitumia Kiawadhi, lugha iliyosemwa sokoni na mashambani. Kabla yake Kamban alikuwa ameshaiimba kwa Kitamili, na Krittibas kwa Kibengali. Narsinh Mehta, ambaye nyimbo zake mama mkwe wako anaziimba alfajiri, alimwimbia Krishna kwa Kigujarati kwa sababu ndicho kilichokuwa kinywani mwake. Basi Rama aliyevuka bahari kwenda Lanka atashindwa kuvuka kuja Mombasa? Kama mtoto wako anaota ndoto kwa Kiswahili, mpe Hanuman, yule nyani shujaa wa Rama, kwa Kiswahili. "Akaruka, akavuka bahari, mkia nyuma kama bendera." Atakaa kitako asikilize.

Kigujarati asikiache, na hapa mama mkwe ana hoja. Mgawie kazi yake: bhajan (nyimbo za ibada) na arati (ibada ya taa) ziimbwe kwa lugha yake, naye awafundishe watoto neno moja moja. Hadithi ziwe zako.

Jambo jingine ambalo hukuniuliza. Gandhi alipokuwa mdogo Porbandar alikuwa anaogopa mizimu. Aliyemponya si baba yake wala kuhani. Ni Rambha, mtumishi mzee wa nyumbani, aliyemwambia: ukiogopa, taja jina la Rama. Gandhi mwenyewe ameandika kwamba mbegu ile haikupotea. Yaya wako anakaa na watoto saa nyingi kuliko wewe. Ana imani yake, na hiyo usiiguse. Lakini kama amezisikia hadithi hizi kwako miaka kumi na anapenda kuzisimulia, usimnyamazishe kwa sababu si wa ukoo wetu.

Binti yangu wa miaka 11 ameona Sita akiingia motoni kwenye filamu, akaniuliza: "Kosa lake nini?" Nikamwambia asiulize maswali ya kukufuru. Tangu siku hiyo hataki kuja hekaluni. (Baba, Nairobi)

Ndugu yangu, hajakufuru. Ulipomnyamazisha ulimwambia dini yetu haina jibu, na akakuamini.

Rudi kwake leo hii. Mwambie ulikosea, kisha mwambie kwamba swali lake lina umri wa mamia ya miaka. Kwa Valmiki, vita vya kumkomboa Sita huko Lanka vikiisha, Rama anamtamkia maneno makali. Sita mwenyewe anamwambia Lakshmana, mdogo wake Rama, aandae moto, anaingia, na Agni, mungu wa moto, anambeba akimtoa mzima na kushuhudia kwamba hana doa. Tulsidas hakuweza kulivumilia hilo. Katika kitabu chake Sita aliyechukuliwa na Ravana, mfalme wa Lanka, ni kivuli tu, na moto ule ulikuwa njia ya kumrudisha Sita wa kweli aliyekuwa amehifadhiwa kwa Agni. Unaona? Hata mtakatifu aliyempenda Rama kuliko roho yake aliumwa na jambo hili.

Halafu msimulie sehemu ambayo wazazi wengi huiruka. Katika kitabu cha saba cha Ramayana, ambacho wanazuoni wengi husema kiliongezwa baadaye, watu wa Ayodhya wanamsengenya Sita, naye anapelekwa porini akiwa mjamzito. Anawalea wanawe mapacha, Lava na Kusha, kwenye makazi ya Valmiki. Miaka inapita, anaitwa mbele ya watu ajithibitishe tena. Safari hii haombi moto. Anaiita Ardhi, mama yake, impokee kama amekuwa mwaminifu, na ardhi inafunguka. Haombi ruhusa ya mtu. Wasichana wangu darasani wakifika hapo hukaa wima. Mmoja aliwahi kusema, "Amekataa." Ndiyo, amekataa, na wanaume wote pale walibaki wamesimama mikono mitupu.

Usiitetee hadithi dhidi ya mwanao. Isome naye, umwache aulize. Na kama filamu zinamtisha, zima, kwa sababu filamu haimtazami mtoto usoni ikajua pa kusimama.

Kuna mantra ya kumfanya mtoto apasi mtihani? (Dodoma)

Asome.

Shuleni wenzake wanamwambia mwanangu anaabudu masanamu na ana miungu milioni 330. Mmoja akamtupia ile methali, "Baniani mbaya kiatu chake dawa." Amerudi analia. Ajibu nini? (Mama, Tanga)

Pole yake. Methali hiyo nilitupiwa mimi pia nikiwa na umri wake. Mwambie aisikilize mpaka mwisho: hata aliyeitunga alikiri kwamba kiatu cha Baniani kilimponya. Kisha amsamehe mwenzake, kwa kuwa watoto husema wanayoyasikia nyumbani kwao.

Kuhusu idadi, mfundishe kisa cha mwenye hekima Yajnavalkya katika Upanishad, maandiko yetu ya kale. Shakalya anamuuliza: miungu ni mingapi? Yajnavalkya anaanza na maelfu. Shakalya anasema, sawa, lakini hasa mingapi? Thelathini na tatu. Lakini hasa mingapi? Sita. Watatu. Wawili. Mmoja na nusu. Lakini hasa? Mmoja. Mtoto wa miaka minane anaweza kukisimulia kisa hicho kwa sauti mbili na akawachekesha darasa zima.

Kuhusu sanamu, aseme hivi: jiwe ni jiwe mpaka tumemwalika Mungu kwa sala, na mgeni aliyealikwa huheshimiwa. Ganesha wa udongo tunamwimbia siku kadhaa, kisha tunamtia majini anayeyuka, na hakuna Mhindu anayerudi nyumbani akisema Mungu amezama. Hapo mwenzake atafikiri. Asiendelee mbele ya hapo. Asimbeze Mtume wala Yesu ili kulipiza. Akifanya hivyo nyumbani kwako, mkanye wewe siku hiyo hiyo.

Programu ya akili unde imemsimulia mwanangu kwamba Lakshmana alichora mstari mbele ya kibanda ili Sita asivuke. Nimetafuta katika Valmiki, sioni. Nani mwongo? (Zanzibar)

Hakuna mwongo, na nimefurahi kwamba ulifungua kitabu. Mstari ule haumo kwa Valmiki. Ni wa wasimulizi waliokuja baadaye, na ni mzuri. Mwambie mtoto yote mawili: "Valmiki hakusema, bibi yangu alisema." Atajifunza kwamba hadithi ina wasimulizi, na kila msimulizi ana jina. Programu haina jina. Inachanganya Valmiki, filamu na alichobuni mtu jana, inakupa vyote kwa sauti moja. Itumie kutafuta kama una kitabu cha kupimia. Kama huna, iache.

Na kwa kuwa tumefika kwenye simu, nina onyo. Kwenye makundi ya WhatsApp ya jamii yetu zinazunguka video zinazotumia jina la Rama kuwatukana Waislamu. Wajomba wanazituma baada ya picha za "habari za asubuhi", na watoto wanaziona kwa sababu simu ya mjomba iko mezani. Zifute. Mjomba mwambie kwa heshima, na asiposikia mwambie bila kuzunguka. Tumeishi pwani hii vizazi kwa vizazi na majirani wanaotuletea sahani ya futari. Mtoto akijifunza kulitamka jina la Rama kwa hasira, kumfundisha upya ni kazi ya miaka, na mimi nina Jumapili moja tu kwa wiki.

Binti yetu, miaka sita, anaimba Hanuman Chalisa, wimbo wa kumsifu Hanuman, beti zote 40. Tunamrekodi mbele ya altare ya nyumbani na kuweka TikTok. Wengine wanasema vibaya. Kuna dhambi gani? (Baba na mama, Leicester)

Sitaji dhambi. Nawauliza: akimaliza kuimba anatazama wapi? Kama anaitazama murti, ile sanamu takatifu, hongereni. Kama anaitazama simu kujua wangapi wamependa, mmeshamfundisha anamwimbia nani.

Mtoto wa miaka sita hawezi kukubali kuonyeshwa kwa watu asiowajua. Kama babu yuko Mombasa na anataka kumsikia, mpigieni. Wakati wa arati kamera ikae mfukoni, na hili nawaambia hata wazazi wanaokuja hekaluni kwetu wakageuza mgongo kwa murti ili wapate picha nzuri.

Tambi za pamba za taa zinauzwa tayari dukani. Kuna ubaya nikinunua? (Kisumu)

Hakuna ubaya, dada. Nunua za wiki nzima. Lakini moja, ya jioni ya Jumapili, aisokote mtoto. Mpe kipande cha pamba ukubwa wa punje ya karanga. Alowanishe ncha za vidole kwa samli kidogo, akisokote kwenye kiganja taratibu mpaka kiwe chembamba kama unyasi, na ncha moja aiache nene isimame. Kama samli ni ghali mwezi huu, mafuta ya ufuta au ya nazi yanafaa. Utambi wake wa kwanza utazimika upesi. Mwache ausokote tena.