Mwanangu anaitwa "Dagaa" shuleni: nimhamishe au nimfundishe kupigana?

SWALI: Naishi Igombe, Ilemela, kazi yangu ni kuanika dagaa. Mwanangu wa darasa la sita hunisaidia kuwageuza asubuhi kabla ya kwenda shule. Wenzake wamempachika jina la "Dagaa". Akipita wanaziba pua, na kijana mmoja mkubwa anamnyang'anya hela ya maandazi. Wiki hii amegoma kabisa kwenda. Baba yake anasema mtoto ni legelege, afundishwe kupigana. Mimi nataka kumhamisha. Uonevu huu chanzo chake ni nini, na una madhara kweli au ni mambo ya watoto tu?

JIBU: Pole sana mama. Mwambie na baba yake: mtoto anayeamka alfajiri kugeuza dagaa kisha akawahi namba shuleni si legelege.

Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyefanya kazi Norway, alitupa vipimo vitatu ambavyo washauri tunavitumia mpaka leo: nia ya kuumiza, kujirudia, na nguvu zisizolingana. Nakutajia hivi kwa sababu shuleni utaambiwa "wanataniana tu". Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tumekulia kwenye utani, tunaujua. Mtani anakusema, nawe unamrudishia, na wote mnacheka. Mwanao akirudisha anapigwa. Huo si utani.

Sasa chanzo. Wengi hukitafuta kwa anayeonewa: mpole, mdogo, ananuka samaki. Mimi nakuomba uangalie dawati la nyuma. Yule mkubwa akiziba pua peke yake hapati kitu. Anapata pale dawati zima linapoziba pua pamoja naye. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake huko Finland walionyesha kwamba darasa zima lina nafasi katika uonevu: wapo wanaosaidia, wanaochochea kwa kicheko, wanaojifanya hawaoni, na wachache wanaotetea. Huko Kanada, watafiti walirekodi kwa kamera watoto wakiwa shuleni, wakaona kwamba mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio yaliisha ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo kinachotafutwa ni cheo mbele ya watu, na watu hao wanaweza kumnyima.

Cheo hicho watoto wanajifunza kwetu. Huku ziwani sangara anapelekwa kiwandani na mabondo yake, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanauzwa kwa bei kubwa, lakini mama wa dagaa anasemwa vibaya hata na jirani anayekula dagaa hao kila siku. Mtoto anasikia neno nyumbani, anaenda kulisema darasani. Ndivyo wanavyosemwa pia watoto wenye ualbino, na yule aliyetoka kijijini akiongea Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake. Shuleni nako viboko bado vinaruhusiwa, na mtoto anaona kila siku kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga. Halafu kuna karatasi ya kiranja ya wapiga kelele. Omba kuiona. Mara nyingi jina la mtoto anayeonewa limo kila siku, hata siku ambayo hakufungua mdomo.

Madhara yapo, na si madogo. Tumbo linalouma kila Jumatatu, daftari "lililopotea", utoro, alama kushuka. Wengine hubeba huzuni na woga mpaka ukubwani. Na anayeonea naye yuko hatarini. Olweus aliwafuatilia wavulana waliokuwa waonevu shuleni, akakuta walipofika ujana walitiwa hatiani kwa makosa ya jinai zaidi ya wenzao.

Kupigana sikushauri. Akishindwa ataonewa zaidi, akishinda ataitwa mkorofi naye atachapwa. Nunua daftari dogo, andika tarehe, mahali, kilichotokea na nani walikuwepo. Nenda nalo kwa mwalimu wa darasa, na usiende kumkabili mama wa yule kijana mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, mbele za watu. Mwombe mwalimu mambo matatu: azungumze na wale wanaocheka, mmoja mmoja, faraghani; karatasi ya kiranja isitumike kumwadhibu mtoto kabla mwalimu mwenyewe hajahakikisha; na mwanao apate wenzake wawili wa kukaa na kurudi nao nyumbani. Wawili wanatosha kabisa.

Kuna mambo mawili walimu hufanya kwa nia njema, nayo yanaharibu. La kwanza ni kuwapatanisha wapeane mikono mbele ya darasa, kana kwamba wamegombana wakiwa sawa. La pili ni kumchapa yule mkubwa mstarini. Hasira zake zitamsubiri mwanao njiani.

Mwalimu wa darasa asipochukua hatua, panda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Akiumizwa, akitishiwa, au akishikwa sehemu za siri, usisubiri vikao: nenda hospitali, na polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Kumhamisha liwe la mwisho, shule ikikataa kusikia. Ukifika huko, mweleze mwalimu mpya yaliyotokea siku ileile ya kumwandikisha, ili mtoto apangiwe mapema mwenzake wa kukaa naye.