Kabla hujaogopa jina la ugonjwa, lisome kutoka mkiani

Mama alipotoka kupigwa picha ya tumbo, alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na neno moja: CHOLELITHIASIS. Daktari wa kutusomea alikuwa ameshaondoka, tukaambiwa turudi kesho. Nikafanya kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Nikaipiga picha ile karatasi na kuirusha kwenye grupu la familia la WhatsApp.

Dakika tano hazikuisha. Kaka yangu aliye Eldoret aliona urefu wa neno tu, akakata shauri kwamba jina refu namna hiyo haliwezi kuwa ila saratani, akaanza kuorodhesha watu wa kuchanga. Shangazi naye alisoma "chole" akaishia hapo. Kwake hiyo ilikuwa cholera, kipindupindu, basi. Tulipofika kwake Umoja jioni, Mama alikuta ametengewa kikombe cha bluu, peke yake kwenye stuli, na ndoo ya maji ya klorini mlangoni. Mambo yalikuwa yametumbukia nyongo.

Na kumbe yalikuwa ya nyongo kweli. Asubuhi nesi mmoja wa makamo alitazama karatasi, akacheka kidogo, akafunika neno kwa kidole gumba na kuanza kulifunua kutoka mwisho. "Hii -iasis ni hali ya kuwa na kitu. Lith ni jiwe. Chole ni nyongo. Mama yako ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ni Kigiriki hicho, kisikutishe."

Kile kidole gumba ndicho ninachotaka kukupa leo. Madaktari wa kale waliosikika sana walikuwa Wagiriki, hata Roma kwenyewe. Galen, aliyetibu huko katika karne ya 2, aliandika kwa Kigiriki. Magonjwa yakabaki na majina ya Kigiriki, na viungo vya mwili vingi vikachukua ya Kilatini. Ndiyo maana figo ina majina mawili: mlangoni utasoma "renal", kutoka Kilatini ren, na daktari wa humo ndani anaitwa "nephrologist", kutoka Kigiriki nephros. Mimi nilidhani ni viungo viwili tofauti. Nilimpitisha Mama mlango usio wetu kwa sababu hiyo, lakini hayo tuyaache.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna sababu ya kuogopa maneno ya kuunganishwa. Ukisema "hatukupikiwa", hujakariri neno zima. Umepanga ha-tu-ku-pik-i-w-a bila hata kufikiri. Maneno ya hospitali yana tabia hiyohiyo, ila mpangilio wake umegeuzwa. Ukilianza neno mwisho kwenda mwanzo, Kiswahili kinajipanga chenyewe. Mama alipopangiwa upasuaji, karatasi ilisema "cholecystectomy". Tuanze mkiani: -ectomy, kukata na kutoa, cyst, mfuko, chole, nyongo. Kuutoa mfuko wa nyongo. Mbele yake palikuwa na "laparoscopic": scop ni kutazama, lapar ni ubavu au tumbo. Yaani watatoboa matundu madogo na kupitisha kamera, hawatampasua tumbo lote. Nilimweleza Mama hivyo usiku kabla ya siku yenyewe, akaniuliza swali moja tu, kama kamera hiyo inarekodi.

Kuwa mwangalifu na mikia inayofanana. -ectomy inatoa kitu. -otomy inapasua tu. -ostomy inafungua tundu, kwa kuwa stoma ni mdomo. Mtu mwenye colostomy amefunguliwa njia ya haja kwenye ngozi ya tumbo. Mkia utakaoukuta kila mahali ni -itis, kuvimba na kuwaka: gastritis ya tumbo, hepatitis ya ini, nephritis ya figo.

Vichwa vya maneno navyo havitaki haraka. Hyper ni juu, hypo ni chini, na kwenye mwandiko wa daktari tofauti yake inaweza kuwa kijikia cha herufi. Hypoglycaemia, ukiisoma kinyumenyume, ni damu, sukari, chini. Huyo anahitaji kitu cha sukari upesi. Mwenye hyperglycaemia ukimpa soda umemwongezea. Hapa usibahatishe kabisa. Uliza, hata kama foleni inakusukuma.

Kilatini nacho kimejificha kwenye karatasi ya dawa. bd ni mara mbili kwa siku, tds ni mara tatu, pc ni baada ya kula. Wa duka la dawa atakuandikia 1x3 juu ya bahasha, ila ukijua kusoma ya daktari unaweza kulinganisha. Mimi hulinganisha.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba Kigiriki kilishafika kwetu kitambo, kwa njia ya Kiarabu. Balghamu, neno wanalotumia watu wa Pwani kwa makohozi, ni phlegma ileile ya Wagiriki. Na kolesteroli tunayoogopeshwa nayo kila siku ina chole ndani yake, kwa kuwa mara ya kwanza ilipatikana kwenye mawe ya nyongo, karne ya 18. Hata Shangazi hakukosea sana: wengi wanaofuatilia asili ya maneno huunganisha cholera na nyongo hiyohiyo.

Hilo sikumwambia. Mama amepona, anakula chapati zake. Akienda Umoja anapita moja kwa moja hadi kabatini, anachukua kile kikombe cha bluu, na kuomba ajaziwe chai.