Mwacheni Mtoto Akishike Kinyago

Juzi mama mmoja wa Newala aliniandikia: "Dada, mwanangu ana miaka minne, nataka akue anapenda sanaa. Nimnunulie rangi gani?" Niliusoma ujumbe nikiwa kibandani na vitenge vyangu, nikacheka peke yangu. Mtu anakaa Newala, Umakondeni kwenyewe, halafu ananiuliza rangi za dukani! Mama, usinunue kitu kwanza. Mchukue mtoto mkono, ulizia fundi anayechonga yuko wapi, mkakae naye.

Mimi si mwalimu wa sanaa. Nina watoto wawili na mjomba mchongaji, basi. Mjomba alipotuletea kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana na wote wametoka kwenye gogo moja, mume wangu alitaka kukiweka juu ya kabati. Nikakataa. Nilikisimamisha chini, pembeni ya mkeka, binti yangu akikaa wanatazamana. Kinyago cha mpingo ni kizito, hakianguki ovyo, na kikianguka kinachoumia ni kidole.

Alianza kwa kuhesabu vichwa. Leo anapata hivi, kesho vingi zaidi, maana kuna kitoto kimejificha mgongoni mwa mama yake, na kuna mkono ambao mpaka leo hatujakubaliana ni wa nani. Kisha yakaja maswali. Mbona huyu mdomo wa juu umetokeza? Nikamweleza habari ya ndonya, kile kipambo cha mti kilichovaliwa kwenye mdomo wa juu. Mbona uso una mistari? Nikamweleza chale, na kwamba bibi zetu walikuwa nazo. Sikumfundisha kitu. Yeye aliuliza, mimi nikajibu, na nilipokwama tulimpigia mjomba simu.

Mjomba alivyoona hivyo akaleta cha pili, cha mtindo wa shetani: jicho moja, ulimi nje, miguu imejisokota. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wifi yangu alikuja kututembelea kutoka Lindi, usiku akakifunika kanga ndipo akalala. Asubuhi binti akakifunua, akamwambia, "Shangazi, anasikia joto." Tulicheka sana, lakini kuna jirani hadi leo anasema nafuga majini. Inaniuma, siwafichi. Mjomba wangu anaswali swala tano, kazi ya mikono yake naambiwa ni uchawi! Watoto hawana hofu hiyo. Wanaipata kwetu.

Na shule nazo. Chekechea moja hapa mjini walimpa binti karatasi yenye tufaha apake rangi nyekundu. Yeye akapaka nyekundu na njano, halafu chini yake akaongeza korosho inaning'inia. Bibo hilo! Mtoto wa Mtwara tufaha amelionea wapi? Akawekewa alama nyekundu ya kosa, eti kaharibu karatasi ya shule. Karatasi ile ninayo, nimeibandika sebuleni, na mgeni akiingia namwonyesha kabla hata hajaketi.

Siku hiyo nilimfungulia kwenye simu picha za George Lilanga. Mtu wetu huyu, alizaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, akaanzia kwenye uchongaji kama wajomba zetu. Alipofika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, aliingia kama mlinzi, akaishia kuwa mchoraji ambaye kazi zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani. Alifariki 2005. Mashetani yake yana masikio makubwa na rangi za kuwaka, yanacheza. Binti aliyatazama weee, akauliza kama wa sebuleni ni ndugu yao. Nikamwambia ndiyo, wa ukoo mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo huo: mwache ashike. Mpe kipande cha mpingo aone nje palivyo peupe na moyo ulivyo mweusi. Kitumbukize kwenye ndoo ya maji mbele yake, kitazama kama jiwe, kisha tumbukiza cha mwembe, kitaelea. Wangu sasa akiona kinyago cheusi anataka kukisugua kwa kitambaa kibichi, kwa sababu wako wanaochonga mti wowote wakapaka rangi ya viatu. Ameshaniaibisha mbele ya muuzaji mmoja, nami nilijivuna kimoyomoyo.

Mkiwa na nauli, pandeni gari la Mikindani, ule mji wa kale jirani na Mtwara, mkaone milango ya nakshi. Ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba, weka karatasi juu ya nakshi, mtoto asugue kwa mkaa, ua litajitokeza lenyewe. Picha ya simu haiwezi kumpa raha hiyo. Na msiende na haraka. Mlango mmoja kwa siku unatosha, wazazi tunapenda mno kukimbiza watoto kama tuko mnadani.

Nikizungumzia mnada: mkifika kwa fundi, tafadhali msibishane bei mbele ya mtoto. Amemwona mzee wa watu ameinama na tezo toka asubuhi, vumbi hadi kwenye kope, halafu anamsikia mama yake anasema "hiki kigogo tu, punguza". Hapo mmeshamfundisha thamani ya kazi ile, hata mkimnunulia rangi za duka zima. Lipeni, au semeni hatuna, tutarudi msimu wa korosho.