Mvua ya mawe ikipiga maua yako, tulia kwanza na panga

Anayepanda maua Kericho, Kenya, haulizi kama mvua ya mawe itakuja. Alasiri upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima, ukakutana na ule wa mashariki, na kwa kuwa tuko juu sana, karibu mita 2,000 na zaidi, mawe hutua kabla hayajayeyuka. Miaka ya 1960 na 1970 ndege zilirushwa kunyunyiza kemikali ya iodidi ya fedha mawinguni ili mashamba ya chai ya huku yanusurike. Sisi wa maua hatuna ndege.

Tuna mikono, na mikono yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi. Mvua ikikatika tu, mtu anatoka na panga kufyeka kila kilichochanika, huku akikanyaga matuta. Udongo wetu mwekundu ukikanyagwa ukiwa tope hushikana, mizizi ikakosa hewa. Ngoja ukauke kidogo, au simama juu ya ubao.

Kisha acha majani. Jani lililotoboka bado linautengenezea mmea chakula. Ukikata majani ya gladiola sasa, kiazi chake hakitajaa, na msimu ujao huenda usione ua. Ondoa shina la ua lililovunjika. Majani yabaki, hata yakiwa matambara, mpaka yageuke manjano yenyewe. Wageni watasema bustani imekushinda. Wacha waseme.

Dalia ndiyo yenye kazi. Shina lake lina uwazi ndani kama bomba, na likivunjika maji hutuama humo, likaanza kuoza kwenda chini. Kata chini ya palipovunjika, juu kidogo tu ya kifundo chenye majani mawili, kwa sababu hapo kwenye kifundo uwazi umezibwa. Machipukizi mawili yatatokea, na maua utayapata, ila kwa kuchelewa. Shina lililopinda bila kukatika lifunge kwenye kijiti kwa kitambaa laini, siku hiyo hiyo.

Mawaridi yakague upande uliopigwa na upepo. Mchubuko mdogo hupona. Tawi lililochunika nusu ya unene wake likate kwa mshazari, juu ya jicho (mahali chipukizi hutokea) linalotazama nje. Asubuhi suuza tope kwenye majani ya chini, kwani matone yakirusha udongo hubeba na ukungu, yaani kuvu wa magonjwa. Yakikauka, nyunyiza dawa ya kopa (shaba) ya kuzuia kuvu mapema, kabla ya mvua ya alasiri.

Mbolea ya CAN, ile ya dukani yenye naitrojeni, iache stoo kwa sasa. Itasukuma machipukizi laini, nayo masika bado yapo, kwa hiyo utakuwa unayalishia mawe mengine. Samadi iliyooza vizuri yatosha, hasa pale mizizi ilipobaki wazi.

Kana, yale maua yenye majani mapana, hayana deni na mtu: ukiyakata hadi chini huchipua upya kutoka kwenye kiazi. Kama panga linakuwasha mkononi, lipeleke huko.